Mlio wa Nyar Rongo

Cephas ni mwoga. Sisemi kwa kumsengenya, maana nimeshamwambia usoni mara nyingi na yeye mwenyewe hukubali. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa maji ingawa alizaliwa hapa Sindo ambapo ziwa liko mlangoni. Akiitwa kupiga picha kule kisiwani Takawiri hukaa katikati ya boti, kamera ameiviringisha kwenye koti la mvua na kuikumbatia, macho ameyafumba, na midomo inasali mpaka boti iguse mchanga.

Kazi yake ni hiyo ya picha, na zaidi ni picha za mazishi. Huku kwetu harusi zina msimu, lakini mazishi ni kila Jumamosi. Jeneza likishatolewa nje, watu hupangwa nyuma yake kwa makundi: watoto, wakwe, wajukuu, kwaya, chama cha akina mama, na kila kundi linataka picha yake. Cephas akishapiga huja kwangu. Mimi ni Emmaculate, nina duka la kutoa kopi na kuchapisha karibu na soko. Yeye huiunganisha kamera na kompyuta kwa waya, mimi nachapisha, kisha anarudi kuzigawa. Tumefanya hivyo miaka kumi na moja. Watu humwita Japicha, mtu wa picha, na wengine hawajui kama ana jina lingine.

Kamera yake nayo ina jina. Aliinunua Rongo kwa mhadhiri mmoja aliyekuwa anahama, ikiwa imeshatumika, na kwa kuwa huku mke huitwa kwa kule alikotoka, wanawake wa sokoni waliibatiza Nyar Rongo, binti wa Rongo. Ni nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, na pembe zake zimechubuka mpaka chuma kinaonekana. Ikipiga picha inalia kwaa! kama mlango wa bati uliosukumwa na upepo. Ukiwa umesimama nyuma ya jeneza hujitikisi mpaka uisikie. Ndivyo wazee wanavyojua kwamba picha imetoka.

Kabla ya Nyar Rongo, Cephas alikuwa kama sisi wengine. Alinunua kamera mpya dukani kwa ng'ombe wa Susana, mkewe. Mwaka haukuisha, ikatoka nyingine yenye namba kubwa zaidi. Akauza ile, akaongeza, akachukua hiyo. Mwaka uliofuata hadithi ikawa ileile. Alipokaa chini kufikiri, ng'ombe watatu wa Susana walikuwa wameingia kwenye kamera, na ile aliyokuwa nayo mkononi haikufikia bei ya ndama.

"Kamera ni omena imenyeshewa," aliniambia, akimaanisha dagaa wetu wa ziwani. "Asubuhi ni mali, saa nane ni chakula ya kuku."

Akaapa mbele ya Susana kwamba atanunua moja ya mwisho, tena kuukuu, iliyokwisha kushuka bei mpaka haina pa kushukia, na hataibadilisha mpaka ife mkononi mwake.  Susana alimtazama tu kama mtu anavyomtazama mlevi anayeapa. Lakini kiapo kilishika, na mimi ni shahidi, kwa sababu kila mwaka nilimwona akisimama mbele ya tangazo la kamera mpya kwenye simu yangu, akimeza mate, kisha ananirudishia simu.

Halafu akaja Levis. Ni mtoto wa hapahapa, alisoma Rongo akarudi na kamera ndogo isiyolia kabisa. Kabla udongo haujafunika jeneza, picha zake tayari ziko kwenye simu za watu. Siku ya kwanza alipopiga, akina mama wa kanisa walibaki wamesimama wima, videvu juu, wakingoja.

"Tayari, mama," Levis akasema.

"Tayari nini?" mmoja akamjibu. "Haijalia."

Tulicheka sana siku ile. Lakini kicheko hakijazi sufuria, na kufikia Desemba familia zenye watoto Nairobi zilikuwa zikimwita Levis.

"Buda, hiyo mashine ilizeeka kitambo," Levis alimwambia Cephas dukani kwangu, wala si kwa ubaya. "Si utafute ingine tu. Hata mimi hii naibadilisha August."

"Hiyo yako ni ya lini?"

"Ya mwaka jana."

Cephas akanigeukia kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba.

Uoga wenyewe ulianza mwezi wa tano. Alikuwa kwenye mazishi ya mwalimu mmoja, wajukuu wamepangwa, akabonyeza, Nyar Rongo ikalia nusu na kioo kikawa cheusi. Akatoa betri, akairudisha, akaomba Mungu, ikaamka. Watu hawakujua, ila yeye alijua. Jumatatu akaenda Migori kwa Onyancha, fundi anayetengeneza kamera na pia kuziuza. Onyancha akaichomeka kwenye kompyuta, akatazama idadi ya picha ilizowahi kupiga, akapiga mluzi. Akamweleza kwamba ndani kuna pazia dogo linalofunguka na kujifunga kila ukibonyeza, na pazia hilo lina umri wake. La Nyar Rongo lilikuwa limeishi mara mbili ya umri huo.

"Inaweza kufa leo," Onyancha alisema. "Inaweza pia kukaa miaka miwili. Mimi si Mungu."

Tangu siku hiyo Cephas aliacha kula vizuri. Zamani kundi moja lilipata picha tatu, sasa likapata moja tu, na kabla ya kuipiga alisimama muda mrefu, kidole juu ya kitufe, mpaka watu wakamfokea kwamba jua linawachoma.  Alikuwa anaombea kila mlio kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Harusi unaweza kuambia watu wavae tena," aliniambia. "Maiti utaambia nini, Emma? Utaambia atoke tena?"

Nilitaka kumcheka nikashindwa. Ukikaa karibu na mwoga, uoga unakuambukiza. Kila Jumamosi nikawa nakaa dukani nikiogopa simu isije ikalia, niambiwe Nyar Rongo imekufa na familia ya watu imezika bila picha.

Nilichoka, nasema kweli. Mimi ndiye niliyemwambia aende akaibadilishe. Nilimwambia kiapo chenyewe hakuapa kwa Mungu, aliapa kwa Susana, na Susana ana huruma. Nikamwonyesha kompyuta yangu mpya, nyembamba kama sinia. Ile ya zamani nilikuwa nimeiuza mwaka uliopita kwa mwalimu wa nasari. "Mimi nimebadilisha na sijafa," nikamwambia. "Wewe utazikwa na hiyo jiwe lako."

Akanikubalia. Ilikuwa Alhamisi, akaondoka alfajiri. Alibeba kila kitu: Nyar Rongo, chaja, waya, na lile kopo la kahawa lenye kadi zake nane za kuhifadhia picha, zile kadi nene za zamani ambazo kamera za siku hizi hazizipokei. Onyancha alimwambia avilete vyote pamoja ili bei ipande kidogo. Susana alimpa pesa ya kuongezea, naye akaishona ndani ya mfuko wa suruali na kuizima simu. Cephas akibeba pesa huzima simu. Anaamini mwizi husikia simu ya mwenye pesa ikilia tofauti.

Saa nne asubuhi hiyohiyo Phelesia aliingia dukani.

Mumewe, Chrispine, alikuwa mvuvi wa omena. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu boti yao ipinduliwe na dhoruba. Wenzake wawili walipatikana wameshikilia mtungi wa plastiki, yeye hakuonekana. Walimtafuta mpaka wazee wakasema basi. Huku kwetu mtu akimezwa na ziwa haachwi hivyohivyo. Hutafutwa yago, lile tunda refu na zito la mti wa mwegea, likalazwa ndani ya jeneza mahali pake, likaliliwa na kuzikwa kama yeye, ili aliyepotea ajue kwamba ana kwao. Mchungaji alikuwa amekubali kuja kuomba. Mazishi yalipangwa Jumamosi, na Phelesia alikuja nimwandikie programu.

Nikamwuliza ninavyowauliza wote, "Picha iko wapi?"

"Hakuna, Min Lynnet."

Lynnet ni kifungua mimba wangu, na Min ni mama. Nikadhani Phelesia hakunisikia vizuri, nikarudia.

"Simu alienda nayo. Kitambulisho alienda nacho," akasema. "Na wewe unamjua Chrispine."

Nilimjua. Chrispine alikuwa mtu wa kugeuka. Akiona kamera anatoa mgongo, anasema uso wake hauuzwi. Kwenye simu za wenzake ufuoni mlikuwa na kofia yake, mkono wake, na mgongo wake mara kumi. Phelesia alifungua leso akanipa kopi ya kitambulisho. Niliitambua, kwa sababu niliitoa mimi, wino ukiwa unakwisha. Mahali pa uso palikuwa na doa jeusi lenye masikio mawili.

"Jumamosi nitasimama hapo," Phelesia akasema, "na najua ndani ya sanduku ni tunda. Nitalia nikiangalia nini, Min Lynnet? Tunda?"

Hakulia. Afadhali angelia.

"Naogopa," akaendelea polepole. "Naogopa nimeanza kumsahau. Jana nilijaribu kuona macho yake, nikaona ya ndugu yake."

 Halafu nikakumbuka: miaka minne iliyopita alifariki mamake Chrispine, na Chrispine alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mtu aliyebeba jeneza begani hana pa kukimbilia, na Cephas alikuwapo. Nikaigeukia kompyuta yangu nyembamba kwa furaha, kisha mkono ukaniganda kabla haujaifikia.

Picha za mwaka ule hazikuwa humo. Zilikuwa kwenye ile ya zamani, na kabla ya kuiuza niliifuta yote ili mwalimu aione safi kama mpya. Nilijivunia, hata. Zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kopo la kahawa, ndani ya mfuko wa Cephas, aliyekwenda Migori kuziuza. Na aliyemtuma ni mimi.

Nikampigia Cephas. Simu imezimwa, bila shaka. Nikampigia Susana, akanisomea namba ya Onyancha kutoka kwenye kalenda ya ukutani. Onyancha alishika mara ya tatu, kelele za barabara nyuma yake.

"Huyo mzee wa Sindo? Alikuwa hapa, mama. Ameenda saa hii tu."

"Ameacha kamera? Ameacha kadi?"

"Mama, ngoja kidogo, niko na mteja."

Ikakatika. Nikapiga tena na tena, haikushikwa.  Nilijua atakachofanya fundi, kwa sababu ndicho ninachofanya mimi: kitu kikiingia dukani, kwanza unakifuta.

Sikumwambia Phelesia kwamba niliyefuta picha za mumewe ni mimi. Hilo nalisema leo. Nilimwambia tu tumngoje Japicha, huenda akawa na picha moja. Akaketi kwenye benchi, mikono mapajani, na kila kivuli kilipopita mlangoni aliinua kichwa. Laiti ningejua kunyamaza, maana sasa nilikuwa nimempa tumaini, na kama kopo lile lilikuwa tupu ningempokonya mume mara ya pili. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Mteja mmoja alitaka kopi moja ya cheti, nikamtolea nne.

Saa tisa Cephas akasimama mlangoni. Mfuko ulikuwa begani, lakini mfuko ni mfuko, huwezi kujua kilichomo. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Emma, usinigombeze," akaanza. "Najua ulisema. Lakini nimeshindwa."

"Umeshindwa nini?"

"Kuiacha."

Nikakaa juu ya katoni ya karatasi. Yeye akadhani ni hasira, akaendelea kujitetea palepale mlangoni. Alisema ile mpya ilikuwa nyepesi kama kiberiti kisicho na njiti. Aliibonyeza, haikulia, akaangalia kidole chake kama bado kiko. Halafu akamwuliza Onyancha angeinunua kwa bei gani kama yeye angeirudisha mwaka kesho wakati kama huu. Onyancha, Mungu ambariki, alimwambia kweli: nusu, na ukichelewa, robo.

"Nikaogopa, Emma. Niliogopa hii itakufa, na niliogopa ile itaoza mkononi. Nilikaa kwa benchi ya huyo jamaa saa mbili nzima. Mwisho nikasema, afadhali hii uoga nimeizoea."

Miaka yote nimeucheka uoga wa Cephas. Siku hiyo ningeupigia magoti. Lakini sikuwa na wakati, nilikuwa nimeshamnyang'anya mfuko na kulimwaga kopo mezani.

Kompyuta yangu haina mahali pa kuingiza kadi nene, kwa hiyo ilibidi zipite kwenye Nyar Rongo moja baada ya nyingine. Alama ya betri ilikuwa nyekundu. Kadi ya kwanza, harusi ya watu wa Mbita. Ya pili, mazishi. Ya tatu, mazishi. Ya nne ilipoingia kioo kikawa cheusi.

 Cephas akatoa betri, akaipangusa kwenye shati, akairudisha. Hakuna kitu. Akaitoa tena. Phelesia alikuwa amenishika mkono, na kucha zake zilikuwa zimenizama. Mara ya tatu kikawaka.

Mazishi ya mama Chrispine yalikuwa kwenye kadi ya tano. Jeneza linatoka nyumbani, Chrispine ni wa pili upande wa kulia, na kichwa amekigeuza ukutani. Hata begani akiwa na mamake mzazi, amegeuka! Picha iliyofuata, amegeuka. Ya tatu, ya nne, kofia na sikio. Nilianza kumchukia marehemu, Mungu anisamehe. Ya saba ilikuwa shingo yake tupu, kwa nyuma, karibu sana.

Ya nane, anatutazama.

Macho yamefunguka, nyusi ziko juu, mdomo umeachama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Ni yeye mzima, hata lile jino lililovunjika.

"Nakumbuka hiyo," Cephas akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimemkaribia kwa nyuma. Nyar Rongo ikalia karibu na sikio, akashtuka, akageuka kunitukana. Nikapiga ya pili. Alinitukana kweli, mama yake akiwa begani."

Phelesia akacheka, na kicheko hichohicho ndicho kilichogeuka kuwa kilio. Alilia mpaka akaketi chini sakafuni, na sisi tukamwacha alie.

Jumamosi picha ile ilikaa juu ya jeneza, ndani ya fremu, nami niliichapisha kwa wino mpya kabisa. Watu wa ufuoni walikuja mmoja mmoja kuitazama, wengine wakatikisa vichwa kwamba hatimaye amenaswa. Cephas alipiga makundi yote, moja moja. Levis naye alikuwapo, akipiga zake bila kelele. Wazee wakaliteremsha jeneza lenye yago, mchungaji akaomba, udongo ukarudishwa. Nyar Rongo haikukwama. Nilianza kupumua.

Ndipo Phelesia alipomwendea Cephas pale kando ya kaburi.

"Japicha," akasema, "hiyo sauti aligeukia. Nataka kuisikia."

Cephas akanitazama. Nilijua hesabu iliyokuwa ikimpita kichwani, maana mimi pia nilikuwa nikiipiga. Saa tisa alikuwa na mazishi mengine kule Magunga. Kila mlio ungeweza kuwa wa mwisho, na hapa hapakuwa na picha ya kupiga, ni udongo mbichi tu. Alilamba midomo. Akaiinua.

Phelesia akampa mgongo, kama mumewe alivyozoea, akasimama hivyo akilitazama ziwa.

Kwaa!

Akageuka. Alimtazama Cephas kwa muda, halafu akampa mgongo tena.

"Tena," akasema.

Kidole cha Cephas kilikuwa juu ya kitufe, na mimi nilikuwa nimefumba macho kwa uoga. Akabonyeza, ikalia.

"Tena, Japicha."

Akabonyeza tena.